Dakika Saba za Kiti Chekundu

"Leo mara ya sita," jirani alisema, ameshika kamba ya nguo. "Wala simchongei mumeo, dada. Filamu yenyewe ya Kiitalia, pale ukumbi wa maktaba. Mwanamke anavua kila kitu, anakaa kwenye kiti chekundu dakika saba nzima. Na mumeo yuko mstari wa mbele, pembeni kushoto."

Dobi alilibana shuka kwa kidevu, akalikunja mara tatu, na kona ya mwisho akaichomeka ndani kama barua kwenye bahasha. Hakuna dobi mwingine aliyekunja hivyo. Wateja waliitambua kazi yake bila kuuliza. Maishani mwake alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu.

"Lisemwalo lipo," jirani aliendelea, "na kama halipo..."

"Laja. Nimesikia."

Miaka thelathini na moja ya ndoa. Mumewe alikuwa fundi saa mstaafu, mtu aliyeona haya hata kuanua sidiria kambani. Tangu binti yao aende ng'ambo kufanya kazi za ndani na simu zake kukatika, mwaka wa nne huu, nyumba ilibaki na watu wawili waliozungumza kwa vikombe: mmoja akiweka, mwingine akiondoa. Lakini walikuwa wawili. Mmoja ameshanipotea, dobi aliwaza; huyu simwachii mwanamke wa kwenye pazia la sinema.

Aliacha pasi ikipoa juu ya mashati ya daktari, akatoka mbiombio hadi ukumbi wa maktaba.

Alikuta picha katikati, akakaa nyuma kabisa. Kwenye pazia, mbwa aliingia kanisani. Mwanamume mmoja alikula peasi huku akilia. Dobi alipandisha mguu juu ya mwenzake, akauteremsha, akaupandisha tena. Kisha kikaja kiti chekundu, na mwanamke akaanza kufungua vifungo.

Kule mbele, mumewe alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Akainama mbele kama alivyokuwa akiinamia saa iliyogoma. Hakukohoa wala hakujikuna kwa dakika zote saba. Wivu ulimpanda dobi, na nyuma yake aibu.

Taa zilipowashwa, mjadala ulianza kabla watu hawajajinyoosha.

"Amekufa yule," alisema muuguzi. "Mtu mzima hawezi kukaa vile. Tunatazama maiti."

"Amekufa wapi? Ameasi!" mwalimu alipinga. "Kile kiti ndicho serikali."

"Kiti ni kiti," alisema kinyozi. "Huyu Mwitalia ametucheza shere, nasi tunampigia makofi. Uchafu mtupu!"

Akili ni nywele, na siku ile kila mtu alizitimua zake. Msimamizi wa maktaba aligonga meza kwa rula.

"Tulieni. Kumbukeni, mwongozaji alipiga picha katika hoteli ya kweli. Ukiacha wale waigizaji wawili wakuu, wote mnaowaona ni wafanyakazi wa palepale."

"Alipiga lini?" fundi saa aliuliza.

"Mwaka jana, mzee. Uliniuliza jana. Hebu leo utujibu na wewe. Hukosi hata siku moja, unaona nini?"

Mzee alilizungusha pindo la shati vidoleni.

"Naona mwanamke anafanya kazi mpaka anachoka," alisema, "na hakuna anayemtazama."

Ukumbi uliangua kicheko. Kazi gani, na amekaa kitini dakika saba! Tena uchi! Kinyozi alicheka hadi akashika mbavu.

Dobi alisimama.

"Mimi ninayefanya kazi mpaka nachoka niko hapa! Mbona hunitazami mimi?"

Kicheko kilikatika. Mzee aligeuka. Hakuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa, na hilo ndilo lililomtia dobi hofu.

"Umekuja," alisema. "Siku zote sita nimetafuta namna ya kukuleta, nikashindwa. Nikiwa nimekosea, nitakuumiza bure."

"Unanileta kwenye uchafu huu?"

"Njoo ukae hapa, mke wangu. Ukishaona, kama unataka kuondoka nyumbani, nitakubebea mzigo mwenyewe." Akamgeukia msimamizi. "Tafadhali, turudishie kile kipande cha kiti."

"Mbele ya mkewe!" muuguzi alinong'ona, lakini mwalimu alishaanza kupiga makofi, kwa kuwa hoja yake ilihitaji ushahidi. Taa zikazimwa.

Dobi alikwenda mbele, akakaa kando yake. Mumewe aliushika mkono wake. Mwanamke wa kwenye pazia alifungua kifungo cha kwanza, cha pili.

"Usimtazame huyo," mzee alinong'ona. "Macho yangu hayana uhakika. Yako ndiyo yanayojua."

Kidole chake kilielekea ukingo wa kushoto wa pazia. Huko, nyuma kabisa ya kiti chekundu, mlango ulikuwa wazi, na katika ujia mhudumu wa hoteli alisimama kando ya rundo la mashuka, amewapa mgongo. Alikuwa amekonda. Alichukua shuka, akalibana kwa kidevu, akalikunja mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kona ya mwisho akaichomeka ndani.

Dobi alikuwa ameshasimama, kivuli chake kimeziba nusu ya pazia, na nyuma yake watu wakimpigia kelele akae.

"Geuka," alisema. "Geuka, mwanangu, nikuone."