Maji ya Kutuliza Vumbi

Jiwe la kwanza lilimpata dereva Kibii kwenye taya. La pili likavunja kioo, na lori la maji likayumba hadi mtaroni likasimama.

"Huyu leo hapiti," alisema Wachuka, na jiwe la tatu lilikuwa lake.

Ukitaka kumlaumu, kaishi kwanza kando ya ile daivasheni ya Lanet, njia ya muda ya udongo. Tangu barabara kuu ianze kupanuliwa, magari yote yalielekezwa kwao, na vumbi liliingia mpaka kwenye unga. Trizah, afisa wa mazingira wa mradi, aliwasomea mpango kanisani: asubuhi na jioni lori la maji litanyunyizia njia. Akawaachia na namba ya simu ya kambi ya wajenzi kwa shida yoyote. Watu wakapiga makofi. Lori lenyewe likawa haba kama nyama ya Krismasi, na likionekana, linapita mbio kwenda kuosha mitambo.

Mtoto wa Wachuka, Bravin, alikuwa akikohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Mchana huo mama alimfukiza kwa majani ya mkaratusi, akamlaza, akaiacha sufuria ikichemka kwenye jiko kando ya kitanda ili mvuke umsaidie. Akaziba dirisha kwa blanketi, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye sidiria. Alikuwa anaenda dukani mara moja tu, kutafuta dawa ya kikohozi. Ndipo akaliona lori likija limejaa, linapiga honi bila kukoma, linatimua vumbi bila kumwaga hata tone. Hasira hasara, wazee walisema, lakini wazee hawakuvuta vumbi hili.

Wachuka na majirani walimburuta Kibii nje kwa shati. Alijaribu kusema, lakini taya ilikuwa imevunjika na kilichotoka ni damu. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye miti, upande wa nyumba zao. Moshi mweusi ulikuwa ukipanda huko. Njuguna, mwenye bucha, alidhani anawatishia kuwaita wenzake wanaochemsha lami, akaupiga ule mkono kwa rungu mpaka ukalegea. Kibii akatambaa kurudi kwenye lori. Wakamkanyaga mgongo, wakamkanyaga na kichwa.

"Hiyo maji ni yetu," Wachuka alisema. "Fungueni yote."

Njuguna akafungua koki. Maji yalitoka kwa kishindo, yakafunika njia, yakajaa mtaro. Vumbi likalala. Wachuka alivuta pumzi ndefu, safi, akalia kwa furaha, maana leo mtoto wake angelala bila kukohoa. Kisha akamtemea mate Kibii, ambaye hakuwa akitikisika tena.

Tangi lilipokauka, Cherop, jirani yake, alitokea mbio kwenye miti na ndoo tupu mkononi, nyusi zimeungua.

"Mama Bravin, lete ufunguo, nyumba inachomeka," alisema akihema. "Nilipigia kambi simu kitambo. Walisema lori ya maji iko njiani."