Kadi Isiyo na Tarehe

Kila mwaka Bi Mize alipewa kibali kipya cha kuingia kambi ya askari wa kigeni kumzuru marehemu mumewe, maana makaburi ya mji yalibaki ndani ya uzio. Safari hii kadi haikuwa na tarehe ya mwisho.

"Hongera, bibi, ya kudumu hiyo! Hata mimi karani sina," alisema Makame wa getini. "Wageni hawaondoki tena."

"Na mimi nikifa, mtanilaza kando yake?"

"Kibali ni cha kuzuru, bibi. Kuzika hawaruhusu."

"Subhanallah! Mgeni ndiye wa kuninyima mwanandani wa kaburi kwetu?"

Makame akafungua geti.

Nusu ya kopo la maji Bi Mize alilimwagia kaburi. Nusu iliyobaki akaimwaga taratibu pale kando, kwenye mchanga mtupu.