Aliyekaa Nyuma

"Kata kushoto," mama mkwe alimwambia sikioni.

Mshale mwekundu uliopigiliwa kwenye mti ulielekeza kulia. Alama za magurudumu ya pikipiki ya mumewe nazo, bado mbichi kwenye tope, zilikwenda kulia.

"Mama, wenzetu wamepita huku."

"Sijakuuliza wamepita wapi."

Mikono ya mama mkwe ikamkaza kiunoni. Akakata kushoto. Angefanya nini? Usukani aliushika yeye, mafuta aliyabonyeza yeye kwa kidole gumba chake, lakini dereva hasa alikuwa yule aliyekaa nyuma. Hata nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo tangu aolewe.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya mama mkwe kwa mwanawe, aliyekuwa akitimiza miaka arobaini. Siku nzima msituni juu ya pikipiki za magurudumu manne, chakula cha mchana kwenye maporomoko, mwongozaji mmoja mbele na mwingine nyuma. Ndugu walishangaa. Mama huyu anayeogopa hata lifti, leo amepata wapi ujasiri wa pikipiki?

"Nitapakiwa na mkwe wangu," alisema. "Peke yake simwachi."

Asubuhi ile mume alicheka mpaka akashika mbavu. "Sawa, lakini wewe, ukimwangusha mama yangu, usirudi!" Waongozaji nao wakacheka. Mke aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alishajifunza kwamba kicheko cha mumewe mbele za watu kingeweza kumtokea yeye puani wakifika nyumbani.

Mama mkwe ndiye aliyemvalisha helmeti. Mkanda ulipomgusa taya, mke alikunja uso.

"Panauma?"

"Hapana, mama."

"Nimekuuliza, panauma?"

"Kidogo."

Mama mkwe aliulegeza mkanda, kisha akaenda kunong'ona na mwongozaji wa nyuma. Walinong'ona kwa muda, na muda wote ule macho ya mama hayakubanduka kwa mkwewe. Wala haikuwa ajabu. Katika nyumba ile hakuna mlango aliofungua yeye ambao mama mkwe hakuusikia.

Mwaka uliopita alijaribu kuondoka. Alitoka na nguo za mwilini tu, akafika kituo cha mabasi, na kabla hajakata tiketi mkono wa mama mkwe ukamdaka begani. "Mchana kweupe, mtaa mzima unakuona, na simu anayokufuatilia nayo mumeo umeiweka mfukoni?" alimwambia huku akimrudisha. "Mtu haondoki hivyo." Simu akaichukua, na tangu siku ile alikaa nayo yeye.

Njia ilizidi kuwa nyembamba. Matawi yaliwachapa mabegani, mizizi ikairusha pikipiki kama punda mkorofi. Mngurumo wa pikipiki ya mumewe ulikuwa umefifia, ukawa kama wa nyuki, kisha hata huo ukatoweka. Aligeuza shingo. Kule kwenye njia panda, mwongozaji wa nyuma alikuwa ameegesha, ameinamia injini yake kama mtu aliyeharibikiwa. Hakuwaita. Hata kichwa hakuinua.

"Mama, tutapotea."

"Endesha."

Wakafika kwenye kijito. Maji yalikuwa ya kahawia, hayaonyeshi chini. Alisita.

"Usiachie mafuta. Ukizimikiwa katikati, imekula kwetu."

Aliingia. Maji yakapanda mpaka kwenye viatu, injini ikakohoa, ikakohoa tena, halafu ikawatupa ng'ambo. Sasa msitu ulikuwa mzito kiasi kwamba mchana ulifanana na magharibi. Akaanza kufikiria mambo ambayo mtu anaweza kufanyiwa mahali kama hapa, pasipo jicho wala sikio la mtu. Nani angeuliza? Marafiki walishachoka kumtafuta. Kazi aliachishwa na mumewe zamani. Ingesemwa ameteleza, basi, yamekwisha.

"Nimekosa nini, mama?"

"Tazama mbele."

Machozi yalimshuka ndani ya helmeti na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Alifikiria kuruka. Lakini akimbilie wapi, na mikono ile imemzunguka kama pingu?

Miti ikaanza kupungua. Mwanga ukapenya, kisha ghafla wakatokea kwenye barabara ya lami asiyoijua. Gari la kijivu lilikuwa limesimama pembeni, injini inaunguruma, mlango wa nyuma uko wazi. Vioo vyake vilikuwa vyeusi.

"Simama hapa."

Alisimama.

"Shuka."

"Mama, nakuomba." Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Nitabadilika. Mwambie nitabadilika. Sitajibu tena, sitatoka tena, chochote atakachotaka."

Mama mkwe alinyoosha mikono, akambandua vidole kwenye usukani, kimoja baada ya kingine. Akamvua helmeti. Akamshika kwapani na kumteremsha chini, kama mtu anayeteremsha mzigo. Kule kwenye gari, mtu aliweka mguu nje.

Akafumba macho. Alisikia hatua zikija kwenye lami, kwanza polepole, halafu mbio. Mikono miwili ikamkumbatia, na sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi yake ikamwita kwa jina la utotoni.

"Nenda na mama yako," alisema mama mkwe, tayari amesogea kiti cha mbele na kushika usukani. "Yule niliyemzaa mimi, niachie mimi."