Mguu wa Shangazi

"Usinywe," mama alimnong'oneza binti yake Kashindye, aliyevimba miguu, akiusogeza mbali uji alioleta shangazi. "Marehemu baba yako alivimba hivihivi baada ya kula kwa shangazi yako."

Njaa ilimuuma binti, lakini naye aliutazama uji ule kwa mashaka.

Daktari wa zahanati mpya ya binafsi, pale Pasiansi, akambonyeza Kashindye mguu. Shimo la kidole likabaki.

"Ni figo. Ugonjwa huu hurithiwa. Mmesema baba yake naye alivimba; yupo mwingine upande wake?"

Shangazi, aliyewafuata hadi pale, akavua kiatu, akajibonyeza. Shimo likabaki vilevile.

"Mchawi gani anajiroga mwenyewe, wifi?"

Kashindye alimwona mama akimvuta kitindamimba wake, akimwekea kidole gumba mguuni. Midomo ilisali, lakini kidole kilikataa kubonyeza.