Jani la Sale

Karani Lyatuu alisoma sheria mpya akiwa amesimama kwenye shamba la Mamkunda: ardhi ya kila nyumba iliyotoa mwasi itachukuliwa na kuuzwa, ili vita viendelee. Mwasi wa nyumba hiyo alikuwa mwana pekee wa Mamkunda, aliyezikwa juzi pale pale migombani.

"Mlimuua kwa risasi," Mamkunda alisema. "Sasa mnauza kaburi lake mkanunue risasi nyingine?"

"Mimi natumwa tu, mama."

"Hata fisi angesema hivyo, kama angesoma shule."

Vibarua walikuwa wameshaanza kung'oa masale, mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka wa shamba. Lyatuu akaokota jani moja, akalipiga fundo, akamnyooshea Mamkunda kwa mikono miwili. Kwao, anayeletewa jani la sale hana budi kusamehe. Hakuna aliyewahi kulikataa.

"Hili umeliokota kwangu," Mamkunda akasema. "Kachume la kwenu. Na usirudi peke yako, uje na aliyeandika sheria."

Akaenda kuketi juu ya udongo mbichi, akajifunga khanga kiunoni. Vibarua wakatua majembe. Karani alibaki amenyoosha mikono, na hapakuwa na wa kulipokea jani.