Dakika Ishirini na Nane za Katuni

Ripoti ya wiki iliingia kwenye simu ya mama akiwa ameshika randa, na ilimfanya auache mlango wa mteja umelainishwa nusu. Herufi: dakika mbili. Katuni: dakika ishirini na nane. Kila asubuhi, siku tano mfululizo.

Mama alikuwa seremala, na kwake kitu kikifungwa kimefungwa. Programu ile ya masomo aliiweka kwenye tableti kwa ajili ya bintiye wa miaka minne na nusu, ambaye nyumbani walimwita Kitufe kwa udogo wake. Nusu saa kila asubuhi, baada ya maziwa, dubu mmoja mwenye miwani amfundishe herufi, maana usaili wa shule ulikuwa umebaki wiki tatu. Katuni zilikuwa nyuma ya kufuli lililoandikwa "Wazazi tu." Kufuli lenyewe halikuwa na neno la siri. Lilitoa hesabu ya kuzidisha, kila mara mpya, na mtu mzima akiandika jibu, linafunguka.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu mzima anafungua.

Alianza na mumewe, karani wa posta. Akamuuliza saba mara nane ni ngapi, bila kumweleza kisa. Mume akatazama dari, akakunja vidole, akajibu hamsini na nne. Mama akamwondoa kwenye tuhuma.

Akabaki mama mkwe. Huyu aliuza vitambaa sokoni miaka thelathini, hesabu kwake ni kama kupumua. Tena asubuhi ndiye aliyekaa na mjukuu, na mjukuu akikunja uso tu, bibi huyeyuka kama siagi.

"Mama," seremala alisema kwa adabu yote aliyoweza kukusanya, "naomba usimfungulie mtoto katuni."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Hicho kidude sijawahi hata kukigusa. Mwenyewe anakaa nacho kimya, anabonyeza. Mimi nakunja nguo."

Hakuaminiwa, na alijua. Alinuna siku tatu. Akitaka kitu anamtuma Kitufe: mwambie mama yako sabuni imeisha. Mwambie mama yako mimi si mwongo.

Mama hakubishana. Aliingia kwenye mipangilio, akapandisha ugumu wa kufuli hadi mwisho, kumi na mbili mara kumi na moja na ndugu zake wote. Katuni zikashuka hadi dakika tatu. Siku ya pili, tano. Siku ya nne zikarudi ishirini na nane. Mama akatikisa kichwa. Mama mkwe, alijisemea, ametafuta penseli na karatasi.

Siku ya usaili walikwenda watatu, mtoto katikati, bibi na mkwewe kila mmoja akitazama upande wake. Chumba cha watoto wa awali kilikuwa kinapakwa rangi, kwa hiyo mwalimu aliwapokea kwenye darasa la nne. Alimwonyesha Kitufe kadi yenye herufi B. Kitufe akasema ni dubu. Akamwonyesha M. Huyo naye alikuwa dubu. Mwalimu alikusanya kadi zake taratibu, akauliza kwa upole kama mtoto anapata mazoezi yoyote nyumbani.

Seremala alishindwa kujizuia. "Muulize bibi yake. Asubuhi zote anamfungulia katuni."

Mama mkwe akasimama, akasema kama ni kweli basi ahame leo hii, tena kwa miguu. Seremala akasimama pia. Mwalimu akaingia katikati yao akiwasihi washushe sauti, na katika purukushani hiyo hakuna aliyemwangalia mtoto, mpaka waliposikia chaki ikikwaruza.

Kitufe alikuwa amepanda kiti mbele ya ubao, ambako hesabu za kuzidisha za darasa la nne zilikuwa hazijafutwa. Alikwisha kujibu hesabu tisa, tarakimu zimelala huku na huku, zote sahihi. Akaandika mia moja thelathini na mbili mbele ya ile ya mwisho, kisha akaanza kuugongagonga ubao kwa kidole, akisubiri katuni.