Mkono Begani kwa Salme

Mwaka mzima Mwanahawa aliusubiri mchana huu. Picha ya matembezi yao ya pwani ya mwaka jana imetundikwa sebuleni kwa Salme: mashoga wanne katika sare ya kanga. Wa tano, yeye, alikatwa kwa mkasi, eti fremu ndogo. Umebaki mkono wake tu, begani kwa Salme.

Leo ufukweni Salme akamkabidhi simu. "Tupige wewe, shoga. Picha hazikupendi."

Wakacheka. Mwanahawa naye akacheka.

Walipojipanga, akaishusha simu polepole mpaka vichwa vyote vikatoka nje ya picha, ikabaki mikono yenye hina. Akabofya.

"Tumependeza?"

"Kupita kiasi, mashoga zangu. Msitikisike, naongeza nyingine."

Wakainua nyuso juani, wakitabasamu.